Anga ya Nairobi Haiko Tupu

Mtu anayetaka kurusha droni akichukua ramani ya Nairobi na bikari, akaweka ncha kwenye Uwanja wa Ndege wa Wilson na kuchora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 7, duara hilo litameza Lang'ata, Kibera, South B, South C, Upper Hill, Kilimani, katikati ya jiji na sehemu kubwa ya Westlands. Akiihamishia ncha kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) na kuupanua mkono wa bikari hadi kilomita 10, zitaingia Embakasi, Pipeline, Imara Daima, Donholm, Buruburu na Utawala, na mstari utavuka mpaka wa kaunti hadi Machakos. Duara la tatu, la kambi ya jeshi la anga iliyoko Eastleigh, litafunika Pangani, Mathare, Muthaiga na Msitu wa Karura. Kinachosalia ni vipande vya pembezoni. Hesabu hiyo inatokana na kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA), ambazo haziruhusu droni kurushwa bila idhini ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na kilomita 7 kutoka vile vidogo. Nami nimeipa Wilson duara dogo kwa makusudi, ili asije mtu akasema kwamba nimetia chumvi.

Hata hivyo, ni nadra wikendi kupita bila droni kusikika ikivuma juu ya harusi, ruracio (sherehe ya mahari), mazishi au ploti inayotafutiwa mnunuzi. Baadhi ya wanaozirusha wamezisajili na wana vibali, ilhali wengine hawana na wala hawavitafuti. Mjadala wetu kuhusu droni umekwama kwa muda mrefu kwenye tofauti hiyo, kana kwamba swali la usalama hujibiwa kwa kukagua karatasi. Naona kwamba duara limetuzalishia warushaji wa aina mbili ambao, japo wanatofautiana mbele ya sheria, wanafanana katika kosa moja la msingi. Wa kwanza hurusha kwa kujificha, na kwa kuwa tayari amekwisha kuvunja amri moja, huzitupa na zile nyingine zote katika kapu hilohilo. Wa pili ana kibali mfukoni na huamini kwamba kibali kimemsafishia njia. Wote wawili huacha kuuliza ni nini kilichoko angani dakika hii.

Haki itendeke, sheria hizi hazikupatikana kwa urahisi. Kanuni za kwanza za mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge la Kitaifa mwaka uliofuata, na wapiga picha wakabaki katika giza la kisheria hadi zilipochapishwa hizi za 2020. Kwa mtu mwenye droni ya kawaida ya kamera, masharti yake makuu yanaingia katika kiganja cha mkono: awe ametimiza umri wa miaka 18, chombo chake kiwe kimesajiliwa, asipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi, asikaribie mtu, gari au jengo lisilo chini ya mamlaka yake kwa chini ya mita 50, na asikiache chombo kitoke katika upeo wa macho yake. Katika hayo yote, lile la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko mengine, na ndilo ambalo ningelibakiza iwapo ningelazimishwa kubakiza moja tu.

Tuanze na duara lenyewe. Ndege ya abiria inayokuja kutua hushuka kwa pembe ya takriban digrii 3, na kwa hesabu hiyo inapokuwa kilomita 2 kabla ya kuingia barabara ya kutulia huwa mita 120 hivi juu ya ardhi, ilhali kilomita 10 nyuma ilikuwa juu ya mita 500. Maana yake ni kwamba hatari kubwa iko katika ukanda mwembamba unaofuata mwelekeo wa barabara ya kuruka na kutua, na hupungua upesi mtu anapojitenga kando yake. Duara halijui tofauti hiyo. Linamtendea sawasawa aliye chini ya mkondo wa ndege zinazoshuka na aliye kilomita 6 ubavuni, kwenye uwanja wa shule uliozungukwa na miti iliyo mirefu kuliko kimo anachotaka kupanda. Mtu wa pili anapogundua kwamba ameruka mara kadhaa bila kuiona ndege yoyote karibu, huhitimisha kwamba sheria inatisha bure, na hitimisho hilo ndilo hatari yenyewe, kwa sababu trafiki ya chini ya Nairobi haifuati mkondo mmoja.

Wilson si kiwanja cha ndege za kupanda na kushuka kwa mstari tu. Hapo kuna shule za urubani, ndege za watalii, ndege za kubebea wagonjwa na helikopta za kila namna, na sehemu ya shughuli hizo hupita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson ikielekea Diani iligongana angani na Cessna ndogo ya mafunzo; watu wawili waliokuwamo katika Cessna walifariki, na ile kubwa ikafaulu kurudi na kutua. Hakukuwa na droni katika ajali hiyo. Zilikuwa ndege mbili zenye marubani waliofunzwa, redio na waongozaji. Anayedhani kwamba kitu cha ukubwa wa kitabu, kisichojulikana na mwongozaji yeyote, kitaonekana na kukwepwa katika anga hiyohiyo anajidanganya.

Kisha kuna chopa, na hapa nitatua kidogo. Sijui miji mingi ambako helikopta hutua kwenye uwanja wa kanisa, shamba la mahindi au kiwanja cha mpira cha shule ya msingi kama inavyofanyika kwetu. Mwanasiasa anapokuja mazishini au kwenye harambee, hakuna ramani ya KCAA inayoonyesha kwamba leo, saa nane hivi, pale Dagoretti, kiwanja cha shule kitageuka kuwa kituo cha helikopta. Na ni siku hiyohiyo ambayo mpiga picha amekodishwa alete droni, tena mara nyingi kwa ajili ya kuinasa chopa yenyewe ikishuka. Nimeshuhudia mlio ukianza kusikika upande wa Ngong, watoto wakikimbilia uwanjani, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mzee mwenye fimbo, akimwendea kijana aliyeinamia rimoti na kumwambia, "Kijana wangu, hebu teremsha hicho kidude chako kwanza." Kijana akajibu bila kuinua uso, "Mzee, nipe dakika mbili tu, niko juu vizuri." Alikuwa akiitazama skrini, na skrini ilikuwa ikitazama umati. Kamera hutazama mbele au chini. Haiwezi kumwonyesha mrushaji kinachokuja kutoka nyuma wala kutoka juu. Yule mzee, ambaye huenda hakuwahi kuishika rimoti, alikuwa na habari zaidi kuhusu hali ya anga ya pale kuliko kijana, kwa sababu alikuwa akisikiliza. Chopa ilizunguka mara moja, droni ikashuka, na watu wakaendelea na shughuli zao.

Tukio la namna hiyo haliko ndani ya kanuni ya duara hata kidogo, na lingeweza kutokea Kajiado, Murang'a au Kitui, mbali na uwanja wowote wa ndege. Kinachomwokoa mtu pale ni macho na masikio, na kama kazi inamlazimisha atazame skrini ili apate picha nzuri, basi awe na mtu wa pili pembeni ambaye kazi yake ni kutazama juu tu na ambaye amepewa uwezo wa kusema "shuka" likatekelezwa bila mjadala. Wapiga picha wengi wa harusi tayari huja wawili au watatu. Kinachokosekana ni mmoja wao kupangiwa kazi hiyo.

Kuhusu upeo wa macho, tarakimu zinasema wazi kuliko nasaha. Droni ndogo ya kamera ina upana wa sentimita 30 hivi ikiwa imekunjuliwa. Ikifika mita 300, jicho zuri huiona kama nukta, na haiwezekani tena kujua inaelekea wapi kwa kuitazama. Ikifika mita 500, mtu akipepesa macho kuelekea mawingu ameipoteza. Wakati huohuo boksi lake limeandikwa kwamba mawimbi ya rimoti hufika kilomita 10 au zaidi. Kampuni zinauza masafa ya redio, na mnunuzi huyachukua kuwa ni ruhusa. Mwendo wa mita 15 kwa sekunde ni wa kawaida kwa vyombo hivi, kwa hivyo zile mita 300 humalizika kwa sekunde 20.

Matokeo yake yameshaonekana kwingineko. Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni aina ya Phantom 4 iligonga helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk. Wachunguzi walibaini kwamba mrushaji alikuwa kilomita 4 hivi kutoka mahali pa mgongano, akitegemea programu ya kwenye tableti, na hakujua kwamba ameigonga helikopta. Alidhani chombo kimeharibika na kutumbukia majini. Januari 2025, wakati wa mioto ya Los Angeles, ndege ya kuzimia moto iliyotoka Quebec ilitobolewa bawa na droni ya mtu aliyekuwa akitaka kuona uharibifu, aliyeirusha kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari na kuiacha iende zaidi ya mita 2,500 hadi ikampotea machoni. Alikiri kosa na kukubali kulipa fidia ya zaidi ya dola 65,000. Ndege hiyo ilibidi iegeshwe ikarabatiwe huku mitaa ikiteketea.

Droni hiyo ya Los Angeles ilikuwa ya lile kundi la chini ya gramu 250, kundi ambalo hapa kwetu huuzwa kwa maneno matamu kwamba ni dogo mno kusumbua mtu na kwamba halihitaji usajili. Msamaha wa gramu 250 unaorudiwa na wauzaji ni wa nchi nyingine. Marekani, kwa mfano, humwondolea anayerusha kwa kujiburudisha lazima ya kusajili. Kanuni za Kenya huzigawa safari katika madaraja A, B na C kulingana na kiwango cha hatari, na hatari hutegemea unarusha wapi na juu ya nani. Kuhusu vile vyombo vikubwa kidogo, Chuo Kikuu cha Dayton kilifanya jaribio mwaka 2018 la kulifyatulia bawa la ndege ndogo aina ya Mooney droni ya takriban kilo moja kwa kasi ya kilomita 383 kwa saa. Droni haikusambaratika juu ya ngozi ya bawa. Ilipenya ndani na kuuharibu mhimili mkuu. DJI, waliotengeneza droni hiyo, walilalamika kwamba kasi iliyotumika haikuwa ya kawaida, na lalamiko hilo lina uzito wake, lakini hata ukiikata kasi hiyo kwa theluthi hakuna rubani atakayekubali kujitolea kwa jaribio la pili. Na kwa aliye chini, droni ya gramu 900 iliyo mita 50 juu imebeba nishati ya jouli 440 hivi kabla hewa haijaipunguzia mwendo, bila kutaja rafadha zinazoendelea kuzunguka.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni imani kwamba chombo chenyewe kitakataa kuruka mahali pasiporuhusiwa. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani. Lakini DJI waliondoa vizuizi vingi vya aina hiyo barani Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwezi Januari 2025, wakaweka maonyo ambayo mtumiaji anaweza kuyapita kwa kubofya. Droni kupaa bila kulalamika si ushahidi wa kitu chochote.

Nairobi ina mtego wake wa pekee, nao ni paa la ghorofa. Mtu anayeishi Pipeline au Kilimani hana uwanja, kwa hivyo hupanda juu ya jengo na kuiweka droni katikati ya matangi ya maji, kamba za nguo na madishi ya televisheni. Pale chini ya miguu yake pana zege lililojaa nondo, na pengine mabati, na vyuma hivyo huivuruga dira ya droni kabla haijapaa. Ndiyo maana chombo huanza kuzunguka chenyewe au kwenda upande usiotakiwa mara tu kinapojitenga na sakafu. Rafadha zinaanza kuvuma kabla setilaiti hazijapatikana za kutosha, na mahali pa kurudia, yaani pale ambapo droni hurudi yenyewe mawimbi ya rimoti yakikatika, panahifadhiwa vibaya, au hapahifadhiwi kabisa. Zaidi ya hayo, kimo kinachosomeka kwenye skrini huhesabiwa kutoka mahali chombo kilipopalia. Aliye juu ya ghorofa ya kumi akisoma mita 120 yuko mita 150 kutoka barabarani, yaani ameshapita futi 400 bila habari. Kinyume chake ni kibaya vilevile: akiwa amepanga kimo cha kurudi kuwa mita 30, na jirani yake akawa na jengo refu zaidi kati ya droni na paa lake, mawimbi yakikatika chombo kitarudi kwa mstari ulionyooka hadi ukutani. Mita 30 zinatosha shambani Limuru. Upper Hill, ambako kuna majengo yanayozidi mita 150, hakuna kimo halali cha kurudi kitakachoyapita yote, na mwenye busara huchagua upande ambao hauna mnara kabla ya kuwasha chochote. Vihisi vya kukwepa vizuizi navyo visitegemewe kupita kiasi, kwa kuwa nyaya za stima ni nyembamba mno kwavyo, na mwanga ukififia havioni kitu.

Mwinuko wa jiji nao hupunguza akiba. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya Nairobi ina uzito wa asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa, na rafadha hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na mota kula umeme zaidi kwa takriban asilimia 9, ili kukishikilia chombo kilekile mahali palepale. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa pasipo upepo na hadi betri iishe. Anayezihesabu hapa kama zilivyo atajikuta anarudi dhidi ya upepo na asilimia 15 mkononi. Afadhali aanze safari kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi umsukume nyumbani, na aanze kurudi betri ikiwa bado ina theluthi yake. Vilima vya Ngong, ambako wengi hukimbilia kwa kuwa ni mbali na viwanja vya ndege, ni pa juu zaidi na pana upepo wa kutosha kuendesha mitambo ya umeme iliyosimikwa pale. Aliyezoea utulivu wa uani Ruaka asidhani ni hali moja.

Ndege wenye manyoya nao wamo. Mwewe wa machinjio ya Dagoretti na marabu wanaokaa kwenye migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo hawajifunzi kanuni, na mwewe hasa huishambulia droni anapoiona karibu na kiota chake. Kwa kawaida hushambulia kwa kushuka, kwa hivyo kupanda moja kwa moja husaidia kuliko kukimbia kwa ubapa. Baada ya hapo ni kuhama mahali. Ndani ya mbuga, droni zinahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kibali ambacho ni tofauti na kile cha KCAA.

Kuhusu faragha nitasema machache. Ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hazibagui kamera iliyo mkononi na ile iliyo nje ya dirisha la ghorofa ya saba, na anayezingatia mita 50 kutoka jengo lisilo lake atakuwa ameshaepuka sehemu kubwa ya ugomvi na majirani.

Lawama haziwezi kubebwa na warushaji peke yao. Marekani wamezigawa anga za karibu na viwanja vya ndege katika miraba, kila mraba ukiwa na kimo chake kinachoruhusiwa, kuanzia sifuri karibu na barabara ya kuruka hadi futi 400 pembezoni, na ombi la mtu hujibiwa ndani ya sekunde chache kupitia simu yake. Hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia KCAA kuchora ramani kama hiyo kwa Wilson, JKIA na Eastleigh, ili mwenye droni aliye kilomita 6 ubavuni aweze kupata mita 30 kwa njia halali, na aliye chini ya mkondo wa kutua ajue kwamba kwake ni sifuri. Aliyepewa mita 30 halali ana sababu ya kujitokeza, kusajili na kujifunza. Aliyekataziwa jiji zima hana. Pia ningependa mwenye helikopta anayepanga kutua nje ya kiwanja rasmi alazimike kumjulisha msimamizi wa shughuli saa na mahali mapema, na msimamizi naye awajibike kuwajulisha wapiga picha. Mpaka hayo yafanyike, mpiga picha anayeombwa kuinasa chopa ikitua ana jibu moja tu la kumpa mteja, nalo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kupokea malipo ya kwanza: kuanzia mlio usikike mpaka panga za chopa zisimame, droni itakuwa chini na betri yake itakuwa imechomolewa, na picha zitapigwa kwa kamera ya mkononi.